Miezi miwili Mbeya, nimeshuka Dar kukimbia nimekufa kilomita ya sita. Hii habari ya damu ya milimani ni kamba?

#1 Mhamiaji wa Isyesye
Wakuu, habari. Nilihamishiwa Mbeya kikazi Desemba. Dar nilikuwa nakimbia kilomita 10 kwa dakika 51, si mwanariadha ila sikuwa mzigo. Wiki ya kwanza huku niliona aibu. Natoka Isyesye kuelekea Uyole, kilomita ya pili tu nahema kama mbwa wa kuwinda, bibi mmoja mwenye ndoo ya viazi kichwani ananipita na kunipa pole. Kazini wakaniambia vumilia, damu inajijenga, siku ukishuka pwani utapaa.

Nikavumilia. Mwezi wa pili nikafika dakika 55 kwa njia ileile. Sasa juzi nimeshuka Dar kwenye msiba wa mjomba. Siku ya tatu asubuhi nikavaa raba, nikaenda Toure Drive nikijua leo watu watanitambua. Kilomita ya nne kichwa kinagonga. Ya sita nimekaa ukingoni mwa barabara, muuza madafu ananiuliza, "Kaka, nikuitie bajaji?"

Hiyo damu iliyojijenga iko wapi? Au ni hadithi za vijiweni?

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi. Ngoja wajuzi waje. Ila aliyetakiwa kupelekwa Dar kukimbia ni huyo bibi wa viazi.

#3 Dereva wa Tunduma
Mkuu, Mbeya oksijeni ni chache, hata lori linajua. Gari isiyo na turbo ukipanda nayo kila mita 1,000 inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, piga hesabu mwenyewe. Mwili wako ni injini isiyo na turbo. Lakini lori likishamaliza Kitonga kurudi chini, nguvu inarudi palepale, halisubiri kujenga damu. Kama wewe umeshuka na nguvu haikurudi, una tatizo jingine. Kapime.

#4 Mwalimu wa Njombe
Dereva, hesabu ya injini uko sawa, ila hapo kwenye "oksijeni ni chache" tuwekane sawa. Hewa ya Mbeya ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kigamboni. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa. Pwani ni milimita 760 za zebaki, Mbeya mjini ni kama 620. Maana yake hewa imetawanyika, kila pumzi unayovuta unapata kama nne ya tano ya ulichokuwa unapata Dar. Ukipanda Kitulo, mita 2,600, unaelekea 550. Kileleni Kilimanjaro ni nusu tu.

Huo huo mgandamizo ndio unaofanya maji yachemke nyuzi 94 hapo Mbeya badala ya 100.

#5 Mama Maharage
Mwalimu subiri kwanza. Nyuzi 94? Ndiyo maana maharage yangu tangu nitoke Tanga hayaivi? Miaka minne nasema mkaa wa huku ni mbovu, nimegombana na wauza mkaa wawili!

#6 Mwalimu wa Njombe
Mkaa hauna kosa, mama. Nunua sufuria ya presha.

#7 Mhamiaji wa Isyesye
Jamani tusihamie jikoni. Mimi nilikuwa mwisho wangu kule Toure Drive.

#8 Nesi Mstaafu, Iringa
Habari wanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, ngoja nieleze ninavyoelewa mimi.

Mtu wa pwani akipanda juu, vipimahewa vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo vinagundua oksijeni ya damu imeshuka. Vinaamuru mapafu yavute haraka, na moyo nao unaongeza mapigo. Ukivaa ile oksimita ya kidoleni ambayo wengi mliijua wakati wa korona, Dar ilikuwa 98, Mbeya unaweza kuona 95. Umekaa huhisi kitu. Ukianza kukimbia, misuli inadai na akiba ni ndogo, ndipo bibi anapokupita.

Sasa kupumua sana kunatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko kawaida, damu inaelekea kuwa na alkali. Figo zinasawazisha kwa kumwaga baikaboneti, ile alkali yenyewe, kwenye mkojo, na maji yanaondoka nayo. Mgeni wa milimani hukojoa sana, muulize yeyote aliyepanda Kilimanjaro. Kwa hiyo siku za mwanzo maji ya damu yanapungua. Ukipima himoglobini, ile ya kubeba oksijeni ndani ya damu, wiki ya kwanza utaona imepanda, utashangilia, kumbe hakuna chembe mpya hata moja. Ni uji uleule umepunguzwa maji.

Chembe mpya ni habari nyingine. Figo hutoa homoni iitwayo EPO ndani ya saa chache tu, inauambia uboho wa mifupa uongeze chembe nyekundu. Lakini kuzikuza na kuzijaza mwilini ni kazi ya wiki kadhaa, na uboho unahitaji madini ya chuma. Pasipo chuma, EPO inapiga kelele tu hakuna anayeitika.

Kijana, unakula nini huko Isyesye?

#9 Mhamiaji wa Isyesye
Shikamoo mama. Ukweli ni ugali, maharage, mboga za majani, nyama Jumapili. Na chai. Chai nakunywa sana, baridi la huku si mchezo.

#10 Nesi Mstaafu, Iringa
Marahaba. Chai unakunywa saa ngapi? Ukiinywa na chakula au punde baada ya kula, inazuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye hayo maharage na mboga. Mimi sisemi ndiyo sababu. Nasema ningeanza hapo.

#11 Mjukuu wa Mkwawa
Mama unatoka Iringa unazuia watu kunywa chai? Mufindi wakusikie watakuletea kikao cha ukoo.

#12 Kocha wa Mtaani
Nimesoma yote. Mama nesi ameeleza vizuri, ila hayo mengi ni ya huko mita 3,000 na kupanda, njia ya Horombo kule Kilimanjaro. Mita 1,700 ni kimo cha kati. Nairobi iko juu ya Mbeya mjini kidogo, na Johannesburg wanafanana na sisi. Hakuna mtu anayekwenda Johannesburg wiki nane akarudi na damu ya ajabu. Kuhema utahema, lakini kishindo kinachotosha kuamsha uboho ni kidogo sana.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Levine na Stray-Gundersen, walichukua wakimbiaji wakawagawa. Wengine waliishi mita 2,500 wakafanya mazoezi chini mita 1,250, wengine waliishi na kukimbia kulekule juu, wengine walibaki chini. Wiki nne. Waliokuja kukimbia vizuri zaidi mita 5,000 usawa wa bahari ni wale walioishi juu na kufanya mazoezi chini. Waliobaki juu muda wote damu iliongezeka, lakini mbio hazikuongezeka namna ileile.

Kwa nini? Ukiwa juu huwezi kukimbia kasi yako. Wewe miezi miwili umezoesha miguu mwendo wa dakika 55. Mapafu yana kisingizio, miguu nayo imezoea kisingizio hicho. Umeshuka Dar ukaidai kasi ambayo haijaguswa tangu Novemba.

#13 Mtu wa Mbagala
Mbona mnazunguka sana? Februari, Dar, asubuhi, unyevu wa kufa mtu. JOTO. Mwisho wa uzi.

#14 Siti ya Mbele
Mbagala kafunga uzi kwa maneno kumi.

#15 Mtu wa Mbagala
Nafafanua kwa wenye mashaka. Ukikimbia kwenye joto, damu ileile inatakiwa sehemu mbili: kwenye misuli kupeleka oksijeni na kwenye ngozi kutoa joto. Dar jasho halikauki, linatiririka tu, kwa hiyo ngozi inazidi kudai. Mtu anayeishi Dar mwili wake umeshazoea, anatoka jasho mapema na maji ya damu yake ni mengi. Mazoea hayo yanakuja ndani ya wiki moja hadi mbili, na ukikaa baridini wiki tatu nne yanaondoka. Huyu kakaa Mbeya miezi miwili. Ameshuka akiwa mgeni wa joto, kama Mzungu wa juzi.

#16 Nesi Mstaafu, Iringa
Mbagala umenigusa. Hapo hoja zetu zinakutana. Milima inapunguza maji ya damu, joto linayataka. Kama kijana alishuka na damu nzito, hata ingekuwa na chembe nyingi, maji ya kugawana kati ya ngozi na misuli hayakutosha.

#17 Kocha wa Mtaani
Mama, miezi miwili maji yanakuwa yameanza kurudi. Na mita 1,700 hayakupotea kiasi hicho. Tusimpe mlima wa Mbeya sifa za Everest.

#18 Dereva wa Tunduma
Na hakuna aliyemuuliza alisafiri na nini. Basi la Mbeya hadi Dar ni mchana kutwa na usiku kidogo, miguu imekunjwa. Halafu msiba. Msibani umelala chini kwenye turubai, umekula wali wa saa nane usiku. Mkuu, sema ukweli, na bia?

#19 Mhamiaji wa Isyesye
Bia mbili. Tatu.

#20 Dereva wa Tunduma
Nafunga hoja yangu hapo.

#21 Mjukuu wa Mkwawa
Mimi nina swali kubwa zaidi kuliko raba za huyu. Kama urefu ndio siri, mbona sisi Nyanda za Juu Kusini hatutoi wakimbiaji? Iten kule Kenya ni mita 2,400. Kitulo ni mita 2,600! Makete wanaamka kwenye barafu Juni. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 ni wa kule kaskazini. Akhwari, yule wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, ni wa Mbulu. Simbu aliyechukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025 ni wa Singida. Mkinga wa Makete yuko wapi?

#22 Siti ya Mbele
Mkinga yuko Kariakoo anahesabu hela. Akimbilie wapi tena?

#23 Mwalimu wa Njombe
Siti ya Mbele umenimwagisha chai.

Kwa uzito kidogo: Mexico City ni mita 2,240, na ile michezo ya 1968 ndiyo iliyofanya dunia ianze kuuliza swali hili. Mbio ndefu nyakati zilikuwa mbaya, na waliotamba ni watu wa nyanda za juu: Naftali Temu mita 10,000, Kipchoge Keino mita 1,500, Mamo Wolde marathoni. Ron Clarke wa Australia, ambaye alikuwa na rekodi za dunia, alizimia kwenye mstari wa mwisho. Lakini mbio fupi na miruko ilikuwa sherehe. Bob Beamon aliruka mita 8.90, rekodi ikakaa hadi 1991. Hewa nyepesi haikuzuii sana, na mbio ya sekunde kumi haingoji mapafu.

#24 Kocha wa Mtaani
Na Akhwari huyohuyo ni mtoto wa milimani, lakini marathoni ile alibanwa na misuli, akaanguka, goti likaumia. Alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, 75 walianza. Kimo hakimkopeshi mtu miguu.

Mjukuu, swali lako la Mkinga ni zuri. Jibu langu ni viwanja, mashindano ya shule, na kaka mkubwa aliyekwisha kushinda ambaye mdogo anamwona kila asubuhi. Mbulu na Iten wanao. Huku tuna mpira.

#25 Mjukuu wa Mkwawa
Sikubali moja kwa moja. Huku kuna milima mikali mno. Mtu wa Makete anapanda na kushuka, ana mapaja ya kubebea magogo. Iten wana barabara ndefu za udongo zenye mawimbi mawimbi tu. Mwili unajijenga kwa kazi unayoupa.

#26 Shabiki wa Jukwaa la Jua
Mmegusa mpira. Timu za Dar zikija Sokoine hapa Mbeya dakika ya 70 zinashika viuno. Mnakataa kimo hapo?

#27 Kocha wa Mtaani
Mechi nyingine wanashinda wenyeji, nyingine wageni. Wageni wakifungwa ni hewa, wakishinda ni ubora wao. Ila nakubali jambo moja: mpira mrefu huku unasafiri zaidi na unapinda kidogo kuliko pwani, kipa mgeni anaweza kuukosea. La Paz ya Bolivia, mita 3,600, ndiko kwenye kisa chenyewe. Mwaka 2009 Argentina ya Maradona, na Messi ndani, walipigwa 6-1.

#28 Shabiki wa Jukwaa la Jua
Kwa hiyo tujenge uwanja Kitulo.

#29 Mama Upendo wa Rungwe
Samahani, naharibu kicheko. Naomba hili lisipite. Mtoto wa dada yangu alipelekwa na wenzake wa shule kupanda Mbeya Peak, ile ya mita 2,800 na ushei. Ni mzima, mchezaji mzuri. Njiani akashikwa na maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Mwalimu akamwambia ni kichomi, kaza. Alibebwa kushushwa. Hospitali ndiyo wakagundua amebeba nusu ya selimundu, yaani sikoseli, hakuwahi kujua, na bandama ilikuwa imeumia. Mama nesi, hii ni ya kweli au walitubahatishia?

#30 Nesi Mstaafu, Iringa
Pole sana mama. Ni kitu cha kweli kabisa. Aliyebeba nusu, yaani kinasaba kimoja cha selimundu, huishi maisha ya kawaida na wengi hawajijui, na kwetu wako wengi kwa sababu kinasaba hicho kinamkinga mtu na malaria kali. Lakini oksijeni ikishuka, na juu yake mazoezi makali na kukosa maji, chembe zinaweza kupinda hata kwa mtu wa nusu, na bandama ndiyo inayoumia. Kwa mwenye selimundu kamili hatari ni kubwa zaidi, yeye asipande bila kuongea na daktari wake. Maumivu ya kushoto chini ya mbavu mlimani yasiitwe kichomi. Shusha mtu, mpe maji, peleka hospitali. Yuko salama sasa?

#31 Mama Upendo wa Rungwe
Yuko salama, anakula kama kawaida. Ndaga fijo, mama.

#32 Mhamiaji wa Isyesye
Pole mama Upendo. Hili nalichukua, kesho nakwenda kupima. Himoglobini, chuma, na hiyo selimundu.

Nijibu niliyoulizwa. Kocha, ni kweli tangu nihamie sijakimbia haraka hata siku moja, nimekuwa naburuza tu. Mbagala, nilianza saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshatoka.

#33 Mtu wa Mbagala
Saa mbili na nusu! Februari! Watu wa Dar saa hiyo tumeshaoga.

#34 Kocha wa Mtaani
Na kuna jambo makocha wanalibishania mpaka leo. Wengi wanasema ukishuka toka milimani, kimbia ndani ya siku mbili za kwanza au subiri wiki mbili tatu. Katikati hapo mwili haujui uko wapi: upumuaji bado ni wa juu, miguu inatafuta kasi mpya. Wewe umekimbia siku ya tatu. Mimi sina uhakika kama ni sayansi au mazoea ya makocha, ila nimeona kwa vijana wangu.

#35 Mwalimu wa Njombe
Tunayo sasa joto, kasi iliyosahaulika, chai, kimo kisichotosha, siku ya tatu, basi na bia tatu. Mtuhumiwa ni yupi?

#36 Dereva wa Tunduma
Bia.

#37 Mtu wa Mbagala
Joto.

#38 Mjukuu wa Mkwawa
Kwenda msibani na raba kwenye begi. Mizimu ya mjomba ilimkalisha ukingoni.

#39 Kocha wa Mtaani
Tupime basi. Mhamiaji, kila wiki mara moja teremka mpaka Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni mita 500 hivi tu na barabara ni tambarare. Piga vipande vya haraka kule, rudi ulale Mbeya. Ni ile ya kuishi juu na kukimbia chini, kwa nauli ya Kosta. Julai Dar kumepoa kidogo, shuka, kimbia saa kumi na mbili asubuhi. Ukipata chini ya 51 nakunywesha soda.

#40 Mtu wa Mbagala
Akipata chini ya 51 Julai ni kwa sababu ya baridi, siyo Kyela. Soda nitakunywa mimi.

#41 Mama Maharage
Nimenunua sufuria ya presha. Maharage dakika arobaini. Mwalimu Mungu akubariki. Sasa nimwendee yupi kati ya wale wauza mkaa kumwomba radhi?

#42 Siti ya Mbele
Wote wawili, na bakuli la maharage.

Mhamiaji, bibi wa viazi vipi?

#43 Mhamiaji wa Isyesye
Leo asubuhi nimempita kwa mara ya kwanza. Alikuwa ametua ndoo anaongea na simu.